Mkeka wa Asiye na Mikono

Mteja wa kwanza kuniletea picha iliyochorwa na mashine alikuwa dada mwenye saluni, hapa hapa Manundu, Korogwe, mtaa wa pili kutoka kwangu. Mimi kazi yangu ni kuandika mabango na kuchora kuta za maduka. Niliianza kabla sijaolewa, enzi ambazo mwanamke akipanda ngazi na kopo la rangi watu wanasimama kumtazama. Miaka yote hiyo mteja akija anakaa kwenye stuli, anaeleza. Anataka mwanamke aliyesukwa nywele, lakini asiwe mwembamba sana, awe na uso wa mtu aliyelala vizuri, na ikiwezekana afanane kidogo na marehemu shangazi yake. Tunacheka. Namchorea kwa chaki, anakataa, nafuta, nachora tena. Siku hiyo dada yule hakukaa. Alisimama mlangoni, akaninyooshea simu.

"Mama, nataka hii hii. Usibadilishe kitu."

Nikaitazama. Alikuwa mwanamke mzuri kweli, ngozi inang'aa, shingo ndefu. Lakini ukiifuata ile mistari ya nywele kwa jicho unakuta mmoja umeanzia hewani na mwingine umeingia ndani ya sikio. Nikamwonyesha. Akacheka tu, "Nani atahesabu, mama?" Nikachora kama alivyotaka, na ule mstari wa sikioni na yote. Alifurahi, akanisifia mbele ya wateja wake. Mimi nikarudi nyumbani nimenuna kama mtu aliyetukanwa, ila nashindwa kumtaja aliyenitukana.

Nilikuwa bado na hasira hiyo wakati harusi ya binti yangu ilipokaribia. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mkumbara, na ndiko alikompata mchumba, kijana wa Kisambaa ambaye wazazi wake walishuka kutoka milimani na kufungua duka barabarani. Kila kitu kilikuwa kimepangwa isipokuwa mkeka.

Mkeka huo ni jambo la mama yangu. Mama anaishi Chanika, Handeni, kwenye nyumba ile ile niliyozaliwa, na tangu nina akili naijua kazi yake moja nje ya shamba: kusuka ukindu. Kwanza anasuka ukili, ule mkanda mrefu wenye upana wa kiganja kimoja, kisha anazishona kili pamoja mpaka zinakuwa mkeka. Kila binti wa ukoo wetu akiolewa hupewa mkeka wa mkono wa mama, wenye urembo ambao hakuna binti mwingine amepewa. Wangu una njia ya siafu, weusi mwembamba unaokwenda kwa kujikunjakunja kwenye weupe. Dada yangu ana mgongo wa kenge. Binti wa kaka yangu ana jicho la kanga. Na mama alishaapa zamani, mbele ya watu, kwamba urembo hautarudiwa.

Basi akanipigia simu Alhamisi moja asubuhi. Hakusalimia vizuri hata.

"Urembo umeniisha," akasema.

"Umekuishaje, mama?"

"Umeisha kama unga unavyoisha. Nimekaa siku nne, kila ninachoanza nakuta nilishampa mtu."

Nilimwambia apumzike, nikajua papo hapo kwamba nimesema upuuzi, maana kwa mama yangu kupumzika ni ugonjwa. Jioni nikamsimulia binti yangu. Yeye akasema kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua, "Jumamosi twende kwa bibi. Mimi nitampelekea urembo."

Kwenye basi la kwenda Handeni ndipo alipofungua simu kunionyesha. Alikuwa ameiomba mashine imchoree mikeka. Ilikuwamo mingi, mmoja baada ya mwingine, zambarau na kijani na rangi ya chungwa, yote imenyooka bila kasoro. Kile kinyongo cha saluni kikanirudia.

"Hicho ndicho utakachompelekea bibi yako?"

"Kwa nini nisimpelekee?"

"Bibi yako amesuka tangu hajavunja ungo. Unampelekea simu imfundishe?"

"Mama, simfundishi. Namsaidia."

"Unamtukana."

Akageukia dirishani. Mimi njia nzima mpaka Chanika nilikuwa natengeneza maneno ya kumkingia mama yangu, maana nilikuwa na hakika ataumia.

Tulimkuta kwenye kibaraza cha uani, miguu ameinyoosha, ukindu umelowekwa kwenye beseni pembeni yake, mikono mitupu. Binti yangu akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunipokonya mume hata kaburini?" Ndio utani wao tangu babu yupo hai. Kisha akanitazama mimi, akaona mdomo nilivyoufumba. "Na wewe mama, nani amekuchokoza?"

Tulikula kwanza, ugali na kisamvu, ndipo binti akatoa karatasi. Alikuwa amepitia stesheneri akachapisha picha moja aliyoona ni nzuri kuliko zote, maana alijua bibi yake haoni vizuri kwenye simu. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza juu chini.

"Nani kachora?"

"Akili mnemba, bibi."

"Mnemba ndiyo nini?"

"Ni kama kusema bandia. Siyo akili ya mtu. Ni kompyuta, imefundishwa kwa kuangalia picha walizotengeneza watu, nyingi sana, halafu ukiiomba nayo inachora ya kwake."

Mama akajigusa shavu, upande ule wenye meno ya kuwekewa. "Kama haya yangu."

"Kama hayo, bibi."

"Haya yanatafuna vizuri tu. Ila hayajawahi kuniambia kama chai ni ya moto."

Akarudi kwenye karatasi. Nikasubiri aumie. Badala yake akaweka ukucha wa kidole cha shahada juu ya chane moja ya zambarau, maana chane ndivyo tunavyoviita vile vipande vyembamba vya ukindu vinavyosukwa, akaanza kuifuata taratibu. Ilipita juu, ikapita chini, ikapita juu. Ukucha ukasimama.

"Hii chane inatoka hapa, inapita chini ya mwenzake. Halafu inaenda wapi?"

Binti yangu akainama. "Inatokea huku, bibi."

"Hapana. Huko ni nyingine, inatoka upande mwingine kabisa. Hii imeingia chini na haikutoka." Akafuata nyingine, nayo ikapotea. Ya tatu ikazaa mbili. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mtu hajawahi kukalia mkeka! Mwambie arekebishe."

Binti akaandika kwenye simu. Jibu likaja mara moja, akalisoma kwa sauti. Mashine iliomba radhi sana, ikashukuru kwa kuelekezwa, ikaleta picha mpya. Chane zikapotea sehemu nyingine. Wakairudishia tena. Ikaomba radhi tena, kwa maneno marefu zaidi, ikakosea tena. Kufikia mara ya nne mama alikuwa hangojei picha, anangojea radhi.

"Ana adabu," akasema. "Anaomba radhi kuliko shemeji zako wote. Sasa mwambie hivi: asisuke kwa macho. Achukue ukindu, asuke kidogo kwa mkono, hata upana wa vidole vitatu, ataona mwenyewe."

"Hana mikono, bibi."

Mama akaitazama ile simu iliyolala juu ya kanga kama anayemtazama mtoto wa watu.

"Masikini," akasema.

Hilo ndilo lililonishinda. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya kumkingia, na yeye anaihurumia! Nikasema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, "Mama, achana nayo. Hicho ni kitu cha wizi. Imekusanya kazi za watu ikazikoroga, sasa inajifanya fundi."

Binti yangu akainamisha kichwa. Mama akanigeukia pole pole.

"Wewe herufi zako ulijifunzia wapi?"

Nikajua anakokwenda. "Mama..."

"Ulijifunzia kwenye magunia ya mbolea. Baba yako akimaliza mbolea, wewe unatandaza gunia hapo uani, unaiga herufi kwa mkaa, moja baada ya nyingine, mpaka ukuta wangu wote ukawa umeandikwa mbolea. Nani alikuja kukuuliza umeruhusiwa na nani?"

"Mimi nilikuwa mtoto."

"Haya. Na mimi nilikuwa mtu mzima." Akavuta beseni la ukindu karibu, si kwa kusuka, kwa kushika tu kitu. "Ule urembo wa njia ya siafu, wa mkeka wako huko Korogwe, siyo wangu."

Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimewaonyesha wageni mkeka ule na kuwaambia urembo huu mama yangu aliutoa kichwani.

Akatusimulia. Alikuwa ndio kwanza ameolewa, na jirani yake alikuwa mwanamke mmoja mkimya aliyesuka kuliko wote Chanika, lakini hakumfundisha mtu. Mama akawa anakwenda kuomba chumvi. Siku ya kwanza akaomba chumvi, akasimama mlangoni akaangalia mikono ya yule mwanamke mpaka akaona aibu. Siku ya pili akaomba tena. Siku ya tatu yule jirani akamwambia, nyumba yako inakula chumvi kama ng'ombe. Mama akarudi nyumbani, akafunga mlango, akausuka urembo ule.

"Nilipomaliza nikawa silali," mama akasema. "Sikuweza kuuanika nje. Mwishowe nikaubeba, nikampelekea."

"Ukampelekea yeye mwenyewe?" binti yangu akauliza.

"Nani mwingine? Nikautandaza miguuni pake, nikapiga goti. Akaupitia wote kwa ukucha. Akaniambia, hapa umekosea, umeruka moja. Halafu akasema, lakini kosa lako limeifanya njia ijikunje, yangu ilikuwa imenyooka. Akaniambia niliache. Toka siku hiyo tukawa tunasuka pamoja, mpaka alipofariki." Akaipapasa ile karatasi. "Mimi wizi siuogopi sana. Nilimwogopa yeye. Huyu wa kwenye simu atampigia nani goti?"

Mimi nilikuwa nafikiria ule mkeka wangu, na sikuwa na hasira. Nilihisi nimepata bibi mwingine ambaye sikuwahi kuambiwa habari zake.

Mama ndiye aliyetuondoa hapo. Alikuwa amerudi kwenye picha, kwenye ile chane ya kwanza iliyozama na haikutoka.

"Lakini hapa pamenikamata," akasema. "Inazama, panakuwa peupe, halafu kule mbele zambarau inaanza tena kama haikupotea. Mimi nisingefanya hivyo. Chane ikiwa na rangi unaipeleka mpaka mwisho, ndivyo tulivyofundishwa." Akafumba macho, vidole vikawa vinacheza hewani. "Ukiikata hapa. Ukaificha chini ya mwenzake. Ukaingiza nyeupe. Ukahesabu tano, ukairudisha zambarau..."

Akafumbua macho akasema kwa Kizigua kitu ambacho sikukisikia kwake tangu utotoni, neno la mwindaji aliyeona nyayo za mnyama anayemfuata.

Ilichukua wiki saba. Kila Jumamosi tulipanda basi. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha rangi, kwa sababu mama aliniambia mtu anayeshinda na rangi kutwa asimwombe mwingine amchemshie. Nilidhani nitaijua. Ukindu si ukuta. Zambarau yangu ya kwanza ilitoka kama maji ya biringanya, na mama akaimwaga bila kunitazama. Kazi ya binti yangu ilikuwa ngumu zaidi. Macho ya mama hayakuweza tena kutofautisha zambarau na nyeusi, hivyo mjukuu alikaa ubavuni pake, anamchagulia chane na kumhesabia: moja, mbili, tatu, ficha. Wiki ya tatu, mama akachoka kungojea, akamwambia ashike mwenyewe. Mwalimu yule, ambaye hajawahi kusuka hata kamba, alilia machozi kwa ncha za vidole kuchanika. Bibi yake alimpaka mafuta ya nazi, akamwambia aendelee.

Walibomoa mara nyingi. Ule urembo ulikuwa mzuri kwenye karatasi kwa sababu karatasi haivutiki. Ukindu ukiukata sana ukili unalegea na kupinda kama mkia wa panya. Mama akajaribu kuhesabu tano, akajaribu saba, akaishia sita. Akaongeza chane moja pembeni ya kukaza, ambayo kwenye picha haikuwapo. Mjukuu akapendekeza mahali fulani zambarau ipotee moja kwa moja isirudi. Mama akamtazama, akaifanya. Mwishoni ile karatasi ilikuwa imelowa, imekunjika, na tukaitumia kufunikia sufuria la rangi.

Majirani walipita kuangalia. Mmoja akauliza ni nani amesuka, maana mkono wa mama unajulikana na huu haukuwa wake mtupu.

"Tumesuka watatu," mama akasema. "Mimi, mjukuu wangu, na mwingine hivi asiye na mikono."

"Na mimi je?" nikauliza kutoka jikoni.

"Wewe ulichemsha maji."

Siku aliyomaliza kushona ukili wa mwisho, akautandaza mkeka uani kwenye mwanga. Sijui niuelezeje. Zambarau ilikuwa inakwenda na kupotea, inakwenda na kupotea, kama mtu anayetembea kwenye mahindi marefu. Mama akamwambia mjukuu wake, "Piga picha, mpelekee."

"Nani, bibi?"

"Yule. Mwonyeshe alichotusaidia."

Binti akapiga, akaituma. Jibu likaja. Akalisoma lote: hongera, kazi ya kuvutia, uwiano wa rangi, urithi wa utamaduni, mikono yenye ustadi. Mama alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Amesema wapi tumekosea?"

Binti akapitisha kidole kwenye simu. "Hajasema, bibi. Anasema kila kitu ni kizuri."

"Basi hajaangalia," mama akasema. Hakusema kwa dharau. Akapiga goti mwenyewe, akaweka ukucha kwenye kona ya chini, akatuonyesha sehemu mbili ambazo mimi na binti yangu hatukuziona, akaanza kutuuliza tunaonaje, zibomolewe au zibaki. Tukabishana mpaka adhana ya alasiri. Moja ikabomolewa, moja ikabaki.

Harusi ilikwenda salama. Wanawake wa upande wa bwana harusi walishuka na nyimbo zao za Kisambaa, na bibi harusi akaketi juu ya mkeka akiwa ameinamisha uso kama inavyotakiwa, ingawa mimi niliyekuwa karibu nilimwona akihesabu kwa midomo. Mama hakuimba. Alikaa kwenye kiti akiwatazama watu wanavyotazama, na kila mtu aliyekanyaga pembeni na viatu alimpigia ukelele.

Nilikwenda kuwatembelea Mkumbara mwezi wa Ramadhani. Nilidhani nitaukuta mkeka umekunjwa juu ya kabati, kama nilivyouweka wangu miaka mingi. Ulikuwa umetandazwa sebuleni, na tayari una doa la uji karibu na mlango. Binti yangu aliniona nikilitazama, akasema ni la mume wake, na mume wake akasema si kweli. Tukafuturu hapo, mihogo ya nazi na tambi, sisi watatu kwa sinia moja. Tulipomaliza, mkwe wangu aliondoa vyombo, na binti yangu akaleta kutoka chumbani kipande cha ukili alichoanza peke yake, chekundu na cheupe, kimelegea, kimepinda upande mmoja.

"Mama, usiseme ni kizuri," akaniambia, akakiweka mapajani mwangu.

Nikavaa miwani.